UZI: DD Metro, chaneli ya serikali ya India iliyowalea wapinzani wake mpaka yenyewe ikazimwa 2003

MzeeWaAntena

Wakuu habari za jioni. Kuna mahali watu wanabishana eti televisheni ya India ilianza na Zee na Star, nikaanza kuandika jibu, likarefuka, nikaona bora nifungue uzi kabisa. Zee na Star, hizo chaneli binafsi, ni wajukuu wale. Leo tuongelee DD Metro, chaneli ya serikali iliyokuwa inarusha kwa Kihindi na ikazimwa tarehe 3 Novemba 2003. Ukiuliza wengi watakwambia iliuliwa na kebo. Mi nasema kebo iliijeruhi tu, aliyeimalizia ni mwenye nyumba mwenyewe, tena baada ya kuwalisha na kuwakuza karibu wote waliokuja kuinyang'anya watazamaji.

Nitashusha kidogo kidogo, mwenye swali aulize tu, sina haraka.

Tuanze na ukoo. Mama yake anaitwa Doordarshan, hiyo DD ndo yeye. Ilianza Delhi tarehe 15 Septemba 1959 kama majaribio, kitawi tu cha redio ya taifa ya kule inaitwa Akashvani, mtambo mdogo, studio ya kuungaunga, vipindi vya kuhesabu kwa wiki. Kurusha kila siku kulianza 1965. Bombay wakapata tivi 1972. Mwaka 1976 ndo Doordarshan ikatengwa na redio ikasimama peke yake, na mwaka huohuo mwezi wa kwanza wakaruhusu matangazo ya biashara, hapo pashike vizuri maana pesa ya matangazo ndo itatuendesha uzi mzima.

Rangi ilikuja Agosti 1982, sababu ya michezo ya Asia iliyofanyika Delhi mwaka ule, serikali haikutaka wageni wakute picha nyeusi na nyeupe.

BintiMkunazini

Ngoja kwanza, 1982 ndo rangi? TVZ ya Unguja si ilikuwa ya rangi toka miaka ya sabini mwanzoni? Yaani tuliwatangulia Wahindi na wao ndo walikuwa wanatujazia muvi sinema zetu zote 😂

MzeeWaAntena

Ndo hivyo dada, Zanzibar ilianza na rangi moja kwa moja. Ila msituringie sana, sie wa bara tulisubiri mpaka miaka ya tisini ndo tukapata kituo hata kimoja.

Tuendelee. Mwaka 1984 mambo mawili yakatokea na yote yanahusu uzi huu.

La kwanza, mwezi wa saba ikaanza tamthilia inaitwa Hum Log, habari za familia ya kipato cha kati inayohangaika na maisha, mwandishi Manohar Shyam Joshi, na kila mwisho wa sehemu anatokea mwigizaji mkongwe Ashok Kumar anaongea na watazamaji kama babu anayetoa nasaha. Wazo walilitoa Mexico ambako tamthilia zilikuwa zinatumika kufundisha watu uzazi wa mpango. Lakini mpunga wa kuiendesha ulitoka wapi? Tambi za Maggi. Ndo zilikuwa bidhaa mpya sokoni, watu hawazijui, tamthilia ikazipeleka majumbani mpaka leo India ukisema tambi za dakika mbili wanakuelewa.

Sasa angalia mchongo wenyewe ulivyokuwa, maana ukiuelewa huu umeelewa Doordarshan nzima. Prodyuza anatengeneza kipindi kwa pesa zake au za mdhamini. Halafu anailipa Doordarshan ada ya kurushiwa. Doordarshan inampa dakika kadhaa za matangazo ndani ya kipindi chake, anaziuza mwenyewe kwa wenye sabuni na dawa za meno. Kipindi kikipendwa prodyuza anakula vizuri, kisipopendwa hasara yake, serikali haijatoa hata senti na ada imeshaingia. Raha tupu kwa mwenye mtambo. Ubaya wake ni kwamba ujuzi wa kutengeneza vipindi vya kupendwa haukukaa ndani ya Doordarshan, ulikaa kwa wale maprodyuza wa Bombay, na prodyuza hana ndoa na mtu, siku akitokea mwingine mwenye mtambo na masharti nafuu anahama na begi lake.

La pili, tarehe 17 Septemba 1984 Delhi wakafungua chaneli ya pili. Mwaka uliofuata Bombay, baadaye Calcutta na Madras. Hiyo chaneli ya pili ndo mtoto wetu DD Metro kabla hajapewa jina. Mwanzoni kila mji ulikuwa na yake, hazijaunganishwa, na kusema ukweli hazikuwa na maana sana, zilikuwa kama chumba cha stoo, vipindi visivyopata nafasi kule kwenye chaneli kubwa vinatupwa huku.

kandambili_79

Nimeweka kambi. Swali mzee, hiyo Doordarshan si ilikuwa mdomo wa serikali tu? Maana hizi televisheni za taifa tunazijua, taarifa ya habari dakika 20 za kwanza rais amefungua daraja.

MzeeWaAntena

Tena kupita kiasi. Wakati wa hali ya hatari ya waziri mkuu Indira Gandhi, 1975 mpaka 1977, ilikuwa hatari kweli. Kuna tukio maarufu la Februari 1977, upinzani umeitisha mkutano mkubwa Delhi, jioni hiyohiyo Doordarshan ikaweka muvi ya mapenzi iliyokuwa inawika inaitwa Bobby ili watu wabaki majumbani. Watu wakaenda mkutanoni hivyohivyo na uchaguzi ule mama akapigwa chini.

Uhuru wa shirika uliongelewa miaka mingi sana. Sheria ya kuunda Prasar Bharati, yaani shirika la umma la kusimamia redio na tivi, ilipitishwa 1990, ikakaa kabatini, ikaanza kutumika 1997. Miaka saba wakuu. Na hata baada ya hapo mishahara ikaendelea kutoka serikalini, kwa hiyo jaza mwenyewe.

Haya, sasa kebo.

Mwaka 1991 vita ya Ghuba. Hoteli kubwa za Delhi na Bombay zikafunga madishi zione CNN, wenye akili mtaani wakaona ee kumbe, wakanunua dishi moja wakaweka juu ya ghorofa, wakavuta waya kutoka paa hadi paa, kutoka mti hadi dirisha, kila nyumba inalipa kidogo kwa mwezi. Hakuna sheria inayowaruhusu wala inayowakataza. Mwaka huohuo STAR wakaanza kurusha kutoka Hong Kong, ila kwa Kiingereza. Oktoba 1992 Subhash Chandra, mfanyabiashara ambaye kwao walikuwa watu wa mchele na nafaka, akaanzisha Zee TV kwa Kihindi. Hapo ndo Doordarshan wakashtuka usingizini.

Jibu lao likawa DD Metro. Mwaka 1993 zile chaneli za pili za miji minne wakaziunganisha kwa satelaiti zikawa chaneli moja, zikapewa jina la Metro, zikaambiwa acheni mambo ya kilimo bora na ngoma za asili, sasa ni burudani ya watu wa mjini. Na silaha kubwa ilikuwa hii: Metro ilipatikana kwa antena ya kawaida. Zee unahitaji waya wa kebo na kulipa kila mwezi. Metro unageuza antena kidogo upande wa mnara, basi, bure.

Chalii_wa_Delhi

Mzee umenikumbusha mbali, mi nilisoma Delhi mwishoni mwa miaka ya tisini, hosteli yetu tivi ilikuwa moja kwenye ukumbi na kebo hakuna, antena tu, kwa hiyo chaneli ni mbili, DD1 na Metro. Wanafunzi wa Afrika tulikuwa tunakaa nyuma, wenyeji mbele, na kulikuwa na jamaa mmoja kutoka Bihar kazi yake ni kupanda paani kugeuza antena, huku chini tunampigia kelele "hapo hapo, rudisha kidogo, umepitiliza!!" Kihindi changu chote nimekiokota hapo, darasani ilikuwa Kiingereza.

MzeeWaAntena

Wewe ndo shahidi wetu humu chalii, usiondoke.

Vipindi sasa. Kulikuwa na Superhit Muqabla, nyimbo za muvi zinapangwa kwa namba wiki hadi wiki, mtangazaji Baba Sehgal, yule rapa wa mwanzo kabisa wa Kihindi, nywele kipara pembeni juu zimesimama. Kabla ya hapo nyimbo za muvi kwenye tivi zilikuwa zinatolewa kwa ukali kama dawa, nusu saa nusu saa kwenye chaneli kubwa, na mtangazaji kavaa sari kakaa wima kama yuko kwenye mahojiano ya kazi. Huyu akaja anarukaruka.

Halafu Dekh Bhai Dekh, 1993. Hii ni vichekesho vya familia, vizazi vitatu ndani ya jumba moja la urithi pembeni ya Bombay, babu na bibi, watoto wao, wajukuu, kila mmoja na siri yake na kila siri inavuja ndani ya dakika ishirini. Mtayarishaji Jaya Bachchan, ndiyo, mke wa Amitabh, yule nyota wa muvi. Ndani yupo Shekhar Suman, Navin Nischol, Farida Jalal yule mama wa kila muvi. Wahindi wa umri wetu ukiwatajia hiki kipindi wanaanza kuimba wimbo wake hapohapo hata kama mko benki.

Na Zabaan Sambhalke, nayo 1993. Pankaj Kapur anaigiza injinia aliyekosa kazi ya uinjinia, akaishia kufundisha Kihindi kwa watu wazima, darasani ana Mtamil, ana Mzungu, ana Mwarabu, kila mmoja anakivunja Kihindi kivyake. Waliiga kipindi cha Uingereza ambako mwalimu anafundisha Kiingereza wageni, ila mi nawaambia walikinogesha, kwa sababu nchi yenyewe ina lugha kibao na mtu wa Madras kuchekwa Kihindi chake Delhi ni jambo la kila siku, siyo la kutunga.

Chalii_wa_Delhi

Mi nilikuwa yule mwanafunzi wa darasani kabisa. Mwenye duka alikuwa ananiuliza kitu makusudi mbele ya wateja ili nijibu wacheke.

BintiMkunazini

😂😂 pole. Mzee endelea na wapinzani, umesema iliwalea, mbona sijaona?

MzeeWaAntena

Ndo nafika hapo, na hapa ndo patamu kuliko pote.

Tarehe 17 Julai 1995 Metro ikaanza kurusha taarifa ya habari ya dakika 20 usiku inaitwa Aaj Tak. Haikutengenezwa na Doordarshan. Ilitengenezwa na kampuni binafsi, wale wenye jarida la India Today. Msomaji na mhariri wake ni Surendra Pratap Singh, wote wanamwita SP, mtu wa magazeti ya Kihindi miaka mingi, ndevu zake, miwani yake, wala siyo mtanashati wa tivi.

Sasa kwa nini ilitikisa. Habari za Doordarshan zilikuwa zinasomwa kwa Kihindi cha serikalini, kile kizito cha maneno ya vitabuni ambacho muuza chai wa stesheni anasikia nusu. SP akasoma kama anakusimulia jirani. Na alikuwa na kifungio chake kila usiku, kwa maana kwamba hizi ndo habari mpaka leo, ngojeni mpaka kesho, watu wakawa wanakisema mtaani kama utani.

Nitawapa tukio moja. Septemba 21, 1995, alfajiri zikasambaa habari Delhi kwamba sanamu za Ganesha, yule mungu mwenye kichwa cha tembo, zinakunywa maziwa. Unasogeza kijiko kwenye mkonga, maziwa yanapungua kweli. Mpaka mchana nchi nzima imesimama, foleni kwenye mahekalu, maziwa yamepanda bei, mpaka Wahindi wa London nao wako foleni. Vyombo vingi vikawa vinaripoti muujiza kwa heshima zote. Aaj Tak wakaenda kwa fundi viatu wa barabarani, wakachukua kile chuma chake cha kugongea kiatu, wakakisogezea kijiko cha maziwa mbele ya kamera. Kikanywa. Chuma cha fundi viatu kinakunywa maziwa kama mungu! Maana kinachotokea ni kwamba maziwa yakigusa uso wa jiwe au chuma yanavutwa, halafu yanateremka chini kwa utando mwembamba usiouona kirahisi. Wanasayansi wa serikali nao walisema hivyohivyo, ila nani anamsikiliza mwanasayansi siku kama ile, watu wanakumbuka chuma cha fundi.

Juni 13, 1997 ukumbi wa sinema wa Uphaar pale Delhi ukaungua watu wakiwa ndani, wakafa 59. SP aliisoma habari ile na watu waliona imemwelemea. Siku chache baadaye akaanguka kwa kuvuja damu kichwani, tarehe 27 Juni akafariki.

Hayo yote yalirushwa na mtambo wa serikali. Kipindi kinarekodiwa, kanda inapelekwa Doordarshan, ndo inarushwa. Sasa tarehe 31 Desemba 2000 Aaj Tak wakafungua chaneli yao wenyewe ya habari saa 24. Jina walilonalo, wamelijenga wapi? Metro. Waandishi wamenolewa wapi? Metro. Watazamaji wamewazoea wapi? Haya.

kandambili_79

Duh. Ni kama mwenye duka umpangishie muuza duka mwenzio baraza lako, wateja wako wamzoee, halafu afungue lake ng'ambo ya barabara.

MzeeWaAntena

Na hujasikia la meneja wa duka. Miaka ile Metro inang'ara mkurugenzi mkuu wa Doordarshan alikuwa Rathikant Basu, ofisa wa serikali mkubwa tu. Mwaka 1996 akaondoka. Akaenda wapi? STAR, kuwaongozea shughuli za India. Yaani mtu aliyepanga vita upande huu kaamka kesho yake yuko upande wa pili, na ramani yote iko kichwani. Kisheria hakuna tatizo, na mi simlaumu sana, mtu akiitwa penye mazingira bora anakwenda. Ila utaona tatizo ni lilelile, Doordarshan ilikuwa chuo, kila anayehitimu anaajiriwa kwingine.

Mahakama nayo ikaongeza lake. Mwaka 1993 chama cha kriketi cha Bengal kiliuza haki za kuonyesha mashindano ya Hero Cup kwa kampuni ya nje, Doordarshan wakagoma, kesi ikafika mahakama ya juu, Februari 1995 majaji wakasema mawimbi ya hewani ni mali ya umma, serikali haiwezi kuyahodhi peke yake. Ukiritimba ukaisha hapo kisheria. Mwaka huohuo ikatungwa sheria ya kebo, wale jamaa wa kuvuta waya paani wakawa halali, kwa sharti kwamba lazima wabebe angalau chaneli mbili za Doordarshan. Kwa hiyo Metro ilikuwa na antena, na kwenye kebo Doordarshan walishatengewa nafasi kwa sheria. Mtu mwenye mtaji wa namna hiyo anashindwaje? Ndo swali langu la siku zote.

Zungu_la_Nne

Naona mnasifia tu. Kaka yangu alikuwa Bombay mwaka 99 anasema hiyo Metro ilikuwa imechoka, muvi za kurudiarudia, picha mbovu, watu wote wako Zee na Sony. Serikali ikafanya la maana kuifunga.

MzeeWaAntena

Kaka yako hakosei kuhusu 99, ilikuwa imechoka kweli. Lakini ngoja nikwambie kilichofuata mwaka mmoja tu mbele, halafu useme tena.

Mwaka 2000 Prasar Bharati wakatangaza tenda, wanakodisha muda wa Metro kuanzia saa moja jioni mpaka saa nne usiku, kila siku, mwaka mzima. Ndo muda mtamu wote huo. Akashinda Kerry Packer, bilionea wa Australia mwenye Channel Nine, yule ambaye 1977 aliwachukua wachezaji wa kriketi wa dunia nzima akaanzisha mashindano yake baada ya kunyimwa haki za kurusha. Aliungana na kampuni ya mawasiliano ya India inaitwa HFCL. Dau lao rupia krore 121, yaani bilioni 1.21. Wakaiita Nine Gold, ikaanza Septemba ile.

Fikiria tena ile saa. Chaneli mliyosema imechoka, mgeni kaja kuilipia bilioni na ushee za rupia kwa saa tatu tu za usiku. Kwa nini? Kwa sababu ya mnara. Hakuna chaneli binafsi iliyokuwa inaweza kumfikia mtu mwenye antena tu, na watu hao walikuwa mamilioni. Packer hakununua vipindi vya Metro, alinunua hewa.

Akaleta tamthilia mpya, maprodyuza wazuri, picha safi. Na matangazo yakaja. Bahati mbaya yake ni kalenda, maana tarehe 3 Julai 2000, miezi miwili kabla hajaanza, Star Plus walikuwa wamefungua mizinga miwili siku moja: mchezo wa maswali wa Amitabh Bachchan saa tatu usiku, Kaun Banega Crorepati, na tamthilia ya mama mkwe Kyunki Saas Bhi Kabhi Bahu Thi. Wakuu, kushindana na Bachchan yuko sebuleni kwa watu anagawa mamilioni, nani ataweza? Barabara za Delhi zilikuwa zinapungua watu usiku.

Chalii_wa_Delhi

Nathibitisha, teksi ulikuwa hupati saa ile.

MzeeWaAntena

Hata hivyo Nine Gold haikuwa aibu. Ilionyesha kwamba ukimpa mtu anayejua kazi, mtambo uleule unaingiza hela. Mkataba wa mwaka mmoja ukaisha 2001, haukuendelea, Packer akafungasha. Na hapa ndo nakasirika. Mwaka mmoja ni nini kwenye tivi? Tamthilia inachukua miezi kuzoeleka. Hakuna mwenye pesa atakayejenga nyumba kwenye kiwanja cha kukodi miezi kumi na miwili. Wao walihesabu kodi, hawakuhesabu chaneli. Alipoondoka Metro ikarudi kwenye muvi za kurudiarudia, sasa hata wale waliokuwa wamerudi kuiangalia wakakata tamaa.

Ikaja 2003. Mwaka ule kila mtu India alikuwa anafungua chaneli ya habari. Star News ikaachana na NDTV, kampuni iliyokuwa inaitengenezea habari, mwezi wa tatu, NDTV nao wakafungua zao mbili mwezi wa nne, Aaj Tak wako juu tayari. Serikali ya waziri mkuu Vajpayee ikasema na sie tuwe na yetu ya saa 24, na waziri wa habari alikuwa Ravi Shankar Prasad. Minara mipya ni gharama na inachukua muda. Wakaangalia ndani ya nyumba, nani ana minara na hana mtetezi? Novemba 3, 2003 DD Metro ikazimwa, masafa yake wakapewa DD News.

Angalia hiyo duara wakuu. Habari za kisasa za Kihindi zilianzia Metro 1995, zikahamia kwenye chaneli binafsi 2000, halafu Metro ikachinjwa ili serikali ipate pa kushindana na zilezile habari ilizozilea.

Zungu_la_Nne

Sawa umeeleza vizuri ila bado sikubaliani. Burudani ni biashara, binafsi wanaiweza. Habari kwa mtu asiye na kebo ndo kazi ya serikali. Mi ningekuwa waziri ningefanya hivyohivyo.

MzeeWaAntena

Hoja ya maana hiyo. Ila mwenye antena tu, mwezi wa kumi alikuwa na chaneli ya burudani ya kuchagua, mwezi wa kumi na moja hana. Aliyekuwa na kebo hakuhisi chochote. Kwa hiyo aliyelipia hiyo chaneli ya habari ni yule asiye na hela ya kebo. Na ilipofika Aprili na Mei 2004 ukawa uchaguzi mkuu. Mi sisemi kitu, nataja kalenda tu. Serikali ile ilishindwa hata hivyo.

kandambili_79

😂😂 unataja kalenda tu.

BintiMkunazini

Mzee na vile vipindi vya Metro vilienda wapi? Vipo popote au vilifutwa? Mama yangu anapenda sana hizi za zamani, za sasa anasema ni kelele na kamera kuzungukazunguka uso wa mtu mara sita.

MzeeWaAntena

Mama anajua tivi. Vingi ni mali ya maprodyuza, si unakumbuka ule mchongo wa ada na dakika za matangazo, kwa hiyo vimetawanyika. Ila mwaka 2020 India ilipofungiwa ndani kwa korona Doordarshan wakafungua makabati, wakarudisha tamthilia kubwa ya Ramayan ya 1987, watazamaji wakafurika mpaka wenyewe wakatangaza ni rekodi ya dunia, milioni 77 kwa usiku mmoja. Na Dekh Bhai Dekh ikarudishwa nayo jioni, safari hii kwenye DD National, ile chaneli kubwa, kwa vile kwao Metro hakukuwepo tena. Mtafutie huyo mama, hata kama haelewi Kihindi atacheka.

Chalii_wa_Delhi

Swali la mwisho mzee, kwa hiyo walijifunza? Au bado wanaendesha vilevile?

MzeeWaAntena

Desemba 2004, mwaka mmoja baada ya kuizima Metro, walianzisha king'amuzi cha bure cha dishi, DD Direct Plus, siku hizi kinaitwa DD Free Dish. Unanunua dishi mara moja, hulipi mwezi. Kiko kwenye nyumba za vijijini kila kona. Na chaneli binafsi zinazotaka kuingia humo zinapigana mnadani, Prasar Bharati wanauza nafasi kwa muda, anayetoa dau kubwa anaingia. Nafasi zinauzwa bei mbaya na ni moja ya vitu vinavyowaingizia hela nyingi. Waliopanda dau humo wako mpaka hao wakubwa, Zee na Star.